Kuondoka kwa Hiari

Baba yangu aliacha kazi mara moja tu maishani mwake, na karatasi aliyotia sahihi ilisema ameondoka kwa hiari. Ilikuwa Kolwezi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kampuni ilikuwa Gécamines ya serikali yetu. Mimi niliacha kazi mwaka 2016, mji uleule, lakini kwenye kampuni iliyotoka ng'ambo. Na hapa kwenye makazi yetu ya wakimbizi, upande huu wa Zambia, nimeona vijana watano wakiacha kazi za mashirika ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo habari ya mtu kuacha kazi ya mgeni naijua kidogo.

Ninaandika kwa sababu wakubwa wa mashirika wanatuuliza kila mara: "Kwa nini watu wetu wanaondoka?" Na kabla hatujafungua kinywa, wameshajibu wenyewe: ni pesa.

Pesa ni kweli, sitadanganya mtu. Mwenye watoto wanne hawezi kula sifa. Lakini pesa ni jibu la mlangoni. Mtu anayeaga hupenda kusema pesa kwa sababu jibu hilo halimuudhi yeyote. Mkubwa anatikisa kichwa, anasema bajeti ni ndogo, mnapeana mkono, kila mtu anakwenda zake. Sababu yenyewe inabaki ndani ya nyumba. Leo nataka tuingie ndani ya nyumba.

Nianze na baba, kwa maana huwezi kuelewa kwa nini mtu anatoka kama hujui alitegemea nini siku ya kuingia.

Gécamines ilirithi migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwaka 1967. Mfanyakazi alipewa nyumba kwenye kambi ya kampuni. Watoto walisoma shule ya kampuni, mama alijifungulia hospitali ya kampuni, na unga wa poso ulitoka ghala la kampuni. Wazee walisema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Mwaka 1986 shaba iliyotoka ilipita tani 470,000. Halafu mambo yakaanza kuporomoka, na si kwa maneno tu: Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka kweli, chini ya ardhi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 shaba yote ya mwaka haikufika tani 20,000. Baba alikuwa anakwenda kazini kila siku na mshahara hauonekani miezi na miezi. Alikwenda hivyohivyo, na nguo zake zimepigwa pasi.

Mwaka 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, ulikuja mpango wa kupunguza watu. Wale waliotumika miaka mingi waliitwa, wakaonyeshwa hesabu, wakaambiwa watie sahihi. Zaidi ya watu 10,000 walitoka namna hiyo. Mpango uliitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba alinunua mashine ya kusagia mahindi, ikaharibika kabla ya mwaka kwisha. Mtu akimuuliza mbona aliacha kazi nzuri, alijibu kwa Kiswahili chetu cha Katanga: "Miye sikuachaka kazi. Kazi njo iliniachaka."

Nimelibeba neno lile la baba mpaka leo. Lilinifundisha kwamba mtu anaweza kuwa ameshaachwa na kazi zamani, ila mwili wake ndio bado unafika getini asubuhi. Siku anayoondoka ni siku ya kuzika tu. Kifo kilitokea nyuma.

Baada ya Sheria ya Madini ya 2002, wageni walianza kuingia Katanga kwa wingi. Mji wetu ukajaa magari mapya na lugha mpya. Mwaka 2008 tukapata somo la kwanza. Katikati ya mwaka tani ya shaba ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 8,000; mwisho wa mwaka ilikuwa imeanguka hadi kama dola 3,000. Kampuni nyingi zilifunga milango ndani ya wiki chache. Wageni walipanda ndege. Majirani zetu walirudi nyumbani na buti zao mkononi. Hakuna aliyewaambia kitu mwezi mmoja kabla.

Mimi niliingia mwaka 2010. Nilikuwa nimesoma kemia kwenye shule ya ufundi, wakanipokea labo. Wengi hapa hawajui kazi hiyo, acheni nieleze. Mawe yanaletwa kutoka shimoni kwenye mifuko yenye namba. Unayakausha kwenye tanuri, unayavunja, unagawa sehemu ndogo inayowakilisha mfuko wote, unaisaga mpaka iwe laini kama poda ya mtoto. Poda hiyo inayeyushwa kwa asidi, kisha mashine inasoma kuna shaba kiasi gani, kobalti kiasi gani. Kwa namba hiyo moja, watu wa shimoni wanaamua jiwe liende kiwandani au litupwe. Ukikosea labo, gari kubwa linabeba uchafu siku nzima likidhani linabeba mali.

Kuna mambo hayakuwa kwenye kitabu. Wakati wa mvua udongo unakuja na unyevu, unashika kwenye kinu cha kusagia. Usipousafisha vizuri, mabaki ya jiwe tajiri yanaingia kwenye jiwe maskini linalofuata, na hilo maskini linasoma kama tajiri. Dawa yake ni kusaga mchanga mweupe usio na kitu, kati ya sampuli na sampuli. Kitabu kilisema mara moja. Mimi nilijua kwamba udongo wa upande fulani wa shimo unataka mara mbili, na kukaa kwenye tanuri muda zaidi. Nilijua pia kwamba jiwe jeusi si lazima liwe kobalti. Mara nyingine ni manganizi tu, inakudanganya macho. Kuyajua hayo kulinichukua misimu mitatu ya mvua.

Mkataba wangu haukuwa na kampuni yenyewe. Ulikuwa na mkandarasi aliyetuleta pale. Kofia ileile, vumbi lilelile, lakini beji ya rangi nyingine na karatasi ya mshahara yenye jina lingine. Kila baada ya miezi mitatu tulitia sahihi upya. Kwa miaka sita nilitia sahihi zaidi ya mara ishirini, na kila mara wiki ya mwisho nilikuwa silali vizuri. Sikuwa peke yangu, na mambo hayo hayajaisha. Sheria ya mwaka 2017 ilitaka kazi za ukandarasi zishikwe na kampuni za Wakongomani, na ni jambo jema, lakini kwa mtu aliyeshika koleo beji inabaki ileile. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 na shirika la RAID la Uingereza pamoja na wanasheria wa CAJJ wa Kolwezi, kwenye migodi mitano mikubwa, ulikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaajiriwa kupitia wakandarasi.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa kijana wa kigeni aliyemaliza chuo juzijuzi. Sina ubaya naye. Alinisalimia kila asubuhi, aliuliza habari za watoto. Alikuwa hajui habari ya mvua. Nikamfundisha. Aliandika yote kwenye kompyuta, ikawa karatasi nzuri yenye picha na jina lake chini. Baada ya mwaka mmoja na nusu alipandishwa, akahamishiwa nchi nyingine. Akaja wa pili, nikamfundisha. Akaja wa tatu.

Mara moja nafasi ya mkuu wa zamu ilibandikwa ukutani. Walitaka mtu mwenye uzoefu wa kimataifa. Niliwaambia wenzangu: "Labo hii nimefanya kazi na mataifa manne. Sasa kimataifa ni nini, ni kupanda ndege?" Tulicheka sana. Lakini usiku ule kicheko kiliisha nikiwa bado nimeamka.

Halafu baba yangu mkubwa alifariki Likasi. Baba mzazi alikuwa ametutoka tangu 2011. Huyu kaka yake ndiye aliyebaki kutupokea na kututoa. Nilikwenda ofisi ya wafanyakazi kuomba ruhusa ya msiba. Fomu ilikuwa na orodha: mume au mke, mtoto, mzazi. Nikasema, "Huyu ni baba yangu." Dada wa ofisini, Mkongomani kama mimi, alifungua faili, akainamisha macho. Akaniambia taratibu: "Mama, faili inasema baba yako alishakufa." Yeye mwenyewe aliona aibu. Anajua vizuri kwamba kwetu mtu hana baba mmoja. Lakini fomu haikuandikwa na yeye, wala haikuandikwa Katanga. Nilikwenda siku tatu bila malipo.

Sikuondoka siku hiyo. Watu hudhani mtu anaondoka siku ya tusi. Hapana, siku ya tusi mtu hurudi kazini, kwa maana kuna ada ya shule. Niliondoka siku waliyoniletea kijana wa nne na kuniambia, "Mama, huyu ni mkubwa wako mpya, tafadhali umwonyeshe kazi." Sikukasirika. Nilihisi tu uzito, kama mtu aliyebeba ndoo mpaka nyumbani kisha akaambiwa kisima kimehamishwa. Nilimwonyesha kwa wiki tatu, mkataba ukaisha, mwingine sikutia sahihi.

Kwenye fomu ya kuaga kulikuwa na visanduku: mshahara, familia, afya, masomo, mengineyo. Niliweka alama kwenye familia. Hakuna aliyeniuliza familia ina nini.

Miezi michache baadaye rafiki yangu wa labo alinisimulia kwamba mvua zilipoanza, namba zilipanda bila sababu. Shimo likaonekana limetajirika. Walichukua muda kujua kwamba ni kinu kichafu. Sikufurahi kusikia hivyo. Ile ilikuwa kazi yangu pia.

Kwa miaka ile sita niliona wengi wakitoka, na kila mmoja na yake. Dereva wa gari kubwa alivuka barabara tu, akaingia kampuni jirani kwa nyongeza ndogo; ukweli ni kwamba kule walimpa mkataba usio na tarehe ya mwisho. Fundi wa kuchomelea alitoka na mgongo wake. Mwingine aliona heri achimbe mwenyewe na wachimbaji wadogo, pamoja na hatari yote ya mashimo yale, kwa sababu huko, alisema, akipata ni chake na akikosa ni chake. Mama mmoja wa jikoni alitoka kwa sababu ya zamu ya usiku na mume asiyeelewa.

Wageni nao wanaondoka, tusisahau. Mzungu au Mchina anaishi kwenye kontena au nyumba ya uzio, wiki nyingi mbali na watoto wake, malaria inampiga, mke anamwambia kwenye simu kwamba mtoto ameanza kuongea na yeye hakuwepo. Wengine hawamalizi mwaka. Lakini niliona tofauti moja. Mgeni akiondoka, wakubwa wanakaa kikao: tumrekebishie nyumba, tumwongezee safari za kwao, tumlipie shule ya watoto. Mwenyeji akiondoka, wanatazama getini. Getini kuna watu mia wamekaa kwenye mawe na vyeti vyao kwenye mfuko wa plastiki.

Hapo ndipo hesabu ya kampuni inapokosea. Mikono ya getini ipo, kweli. Lakini misimu mitatu ya mvua haiko getini. Kampuni inaona kiti kimejaa, inadhani kazi imejaa.

Baada ya Kolwezi nilihamia Pweto, upande wa mama yangu, nikafanya biashara ya samaki wa ziwa Mweru. Mwaka 2017 vita vya upande wa Tanganyika na Haut-Katanga vikatufikia. Tulivuka kuingia Zambia na watoto na godoro moja. Sitasimulia njia, wengi wenu mliipita.

Huku tulipewa kiwanja na mahali pa kulima, na mashirika yakaanza kutafuta watu wanaojua lugha. Makazi yetu ni ya lugha nyingi. Sisi wa Pweto tunasikilizana na wenyeji kwa Kibemba. Waliotoka ndani, upande wa Manono na Moba, wengi wana Kiluba, Kitabwa au Kiswahili tu. Muuguzi anaandika Kiingereza. Bila mtu wa katikati, kliniki ni soko la mabubu. Mimi nilichukuliwa kuhamasisha afya kwenye bloku zetu, na watu wakaanza kuniita Mama Labo kwa sababu ya hadithi zangu. Kazi hizi zinaitwa za kujitolea. Tunalipwa posho. Kwa baba yangu poso ilikuwa unga wa nyongeza juu ya mshahara. Kwetu posho ndiyo yote. Na kwenye karatasi neno ni lilelile la baba: hiari.

Naomba wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa wasikasirike. Sisemi ninyi ni kama mgodi. Mgodi ulikuja kuchukua jiwe, ninyi mmekuja kutupa mkono, na tunajua wengine wenu mnalala mbali na watoto wenu vilevile. Mkimbizi anahitaji kibali ili aajiriwe kwa mshahara, na sheria hiyo hamkuitunga ninyi. Lakini ninyi pia ni waajiri mliotoka mbali, na watu wanawaacha kwa sababu zilezile nilizoziona Kolwezi.

Vijana watano niliosema: mmoja amefungua kibanda cha kutuma pesa kwa simu, na anapata karibu sawasawa na posho. Mmoja alihamia shirika lingine. Mmoja anavua samaki. Mmoja alirudi Pweto na misafara ya kurudi kwa hiari, ile iliyoanza mwishoni mwa 2021. Wa tano alikuwa mfasiri wa kliniki, na habari yake nitaieleza, bila jina.

Alifasiri miaka mitatu. Jiulizeni mfasiri wa kliniki anasikia nini kwa siku. Mama aliyebakwa njiani anasema, na yeye lazima aseme kwa kinywa chake: "Nilibakwa." Baba anaambiwa mtoto hatapona, na anayemwambia kwa lugha anayoielewa ni yule kijana. Jioni muuguzi anarudi kwenye nyumba ya wafanyakazi. Kijana anarudi bloku ileile ya yule baba. Wafadhili walipobadilika, aliambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu hakuna kazi. Wiki mbili baadaye akaitwa tena, bila maelezo. Akarudi. Palipokuwa na mafunzo mjini, alikwenda mtu mwingine kutoka ofisini, kisha kijana akaombwa amweleze huyo mtu jinsi wagonjwa wetu wanavyosema maumivu yao. Hapo nilijua hatakaa. Ile hadithi nilikuwa naijua mwisho wake.

Alikuja kuniaga mlangoni. Nikamuuliza kama ni posho. Akasema: "Mama Labo, miye niko mudomo yabo tu. Nani anaulizaka mudomo kama inachoka?"

Na sisi wakazi tusijitoe. Kijana huyo tulimsema. Akipita na begi la shirika, watu waliguna: huyu anakula nao, huyu anauza majina yetu. Mtu akikosa kuandikwa kwenye orodha, lawama zilianguka kwake, kana kwamba yeye ndiye anashika kalamu. Ofisini alikuwa mkimbizi, kwenye bloku alikuwa mtu wa ofisi. Mtu hawezi kukaa muda mrefu mahali ambapo pande zote mbili anakuwa mgeni.

Pengo lake lilikaa wiki tano. Katika wiki hizo, mama mmoja wa upande wa Manono alikwenda kliniki na mtoto wake wa kiume wa miaka kumi, kwa sababu mtoto amejifunza Kibemba shuleni na michezoni. Mama alikuwa na mimba na anatoka damu. Mtoto alisikia maneno ya mama yake, akatazama chini. Ni mtoto wa kiume. Vitu hivyo kwetu hasemi mbele ya mama yake, hata kuvisikia hatakiwi. Akasema: "Mama anaumwa tumbo." Muuguzi alikuwa peke yake tangu asubuhi na foleni inafika kwenye miti. Alitoa dawa ya tumbo. Usiku walikuja kunigongea. Tulimbeba, gari likapatikana, mama akapona. Mimba haikupona. Mtoto yule anajua, ingawa hakuna aliyemwambia neno. Ukimpita anakazana kuchora mchanga kwa kidole.

Simlaumu muuguzi, wala simlaumu kijana aliyekwenda. Nasimulia ili tujue kitu kinachoondoka mtu mmoja anapoondoka. Kolwezi ilikuwa namba kwenye mashine. Hapa ni mimba ya mtu.

Basi nini kingewabakiza? Nimekaa na hao vijana mmojammoja, isipokuwa aliyevuka, na haya ndiyo walioniambia nikiyaunganisha na yangu. Mengi hayana bei.

Wanataka kuambiwa mapema. Mradi ukikaribia kwisha, ofisi inajua miezi kabla. Mwambie mtu. Atakaa mpaka siku ya mwisho akijua atalima nini baadaye. Anayefichwa ndiye anayekimbia.

Wanataka kazi iwe na jina lao. Barua yenye jina kamili, kazi aliyofanya, na miaka aliyoifanya. Kwa mkimbizi barua hiyo ni shamba: ataibeba Lusaka, ataibeba Lubumbashi, ataibeba atakakopelekwa. Mtu aliyefasiri miaka mitatu akitoka bila karatasi, miaka hiyo imepotea kama alikuwa amelala.

Wanataka ngazi iwe na daraja moja juu yao, hata moja. Si lazima wote wapande. Mtu anavumilia mengi akimwona mwenzake wa bloku ameketi kwenye kiti cha msimamizi. Na anayefundisha wengine kazi ahesabiwe mwalimu, apewe cheti cha mwalimu, na siku ya mafunzo mjini aende yeye.

Wanataka orodha ya msiba iandikwe pamoja nasi. Tukae nusu saa, tuwaambie baba mkubwa ni nani, mama mdogo ni nani, dada wa kuzaliwa kwa shangazi ni nani. Hatutawaongopea vifo, kwetu kumwita mtu aliye hai marehemu ni mkosi.

Na wanataka kuulizwa kabla. Swali la "kwa nini unaondoka" linakuja siku mtu ameshafunga mzigo. Mwulize mwezi wa sita, mwulize mwaka wa pili, wakati bado ana nia: kazi inakulemea wapi? Na aulize mtu asiye mkubwa wake, la sivyo atapewa jibu la mlangoni.

Mwaka huu binti yangu wa kwanza ametimiza miaka 19. Kiswahili anacho, Kibemba anacho, Kiingereza amekipata shule ya huku, Kifaransa nimemlazimisha mimi. Wamemwita kwa nafasi ile ya ufasiri kliniki. Majirani wengine wameniambia nimzuie, baada ya yote niliyoyaona. Sikumzuia. Nani tena atasimama kati ya yule mama wa Manono na muuguzi, tumrudishe yule mtoto wa miaka kumi?

Nilimwambia aende, lakini kabla ya kutia sahihi aulize maswali matatu. Kazi ikikaribia kwisha, mtaniambia siku ngapi kabla? Siku nikitoka, barua yangu itasema nini? Na nikijifunza kazi hii vizuri kuliko wote, itanifikisha wapi?

Akasema, "Mama, wataniona nina kiburi."

Nikamjibu kwamba anayeuliza haya siku ya kwanza ni mtu anayefikiria kukaa. Ambaye hataki kukaa hana haja ya kuuliza kitu.

Ameyaandika kwenye daftari lake la shule, kwa Kiingereza, ameyasahihisha mara mbili. Jana aliyapeleka. Msimamizi aliyasoma yote, akamwambia arudi Jumatatu.